ZABUNI ZA MIFEREJI YA MAJI YA MVUA
Jinsi kazi za umma zinavyotolewa, na kwa nini yatupasa kuzitazama

Kila mwaka masika yakaribiapo, swali moja huulizwa barazani, shuleni na sokoni: "Mfereji ule ulijengwa kwa fedha nyingi, mbona maji yameingia tena nyumbani mwetu?" Na baada ya swali hilo hufuata la pili, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Ni nani aliyempa mkandarasi yule kazi ile?"

Maswali haya mawili ni ya haki, wala si utovu wa adabu kuyauliza. Tumeona vema tuyaeleze hapa kwa taratibu, kwa kuwa watu wengi huona mwanzo wa kazi, yaani kibao kilichosimikwa kando ya njia, na huona mwisho wake, yaani mfereji wenyewe. Lakini yaliyo katikati hawayaoni. Na aghalabu uzuri au ubovu wa mfereji huamuliwa katika hayo ya katikati. Tutafuata hasa sheria na desturi za Tanzania, ingawa msingi wake ni mmoja na wa nchi jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, yaagiza kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani, na wenye kulinda thamani ya fedha.

Maji na hesabu yake

Kwanza tuyaelewe maji yenyewe. Mvua ya milimita 50 si jambo la ajabu kunyesha kwa siku moja katika miji ya pwani. Mvua hiyo ikianguka juu ya mahali penye ukubwa wa hekta 10, huleta maji mita za ujazo 5,000, nayo ni sawa na mapipa 25,000 ya lita 200. Penye shamba na miti, sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na udongo. Penye mapaa ya bati, sakafu za saruji na barabara za lami, hayana pa kuingia. Hushuka yote kwa pamoja kumtafuta aliye bondeni. Kwa hiyo kila mji unapokua, wale wa juu huwapelekea wale wa chini maji mengi kuliko zamani, hata kama mvua haikuzidi.

Katika mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi lilijaa, watu zaidi ya 40 wakafa, na maelfu wakapoteza makao yao; baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Tangu hapo fedha nyingi zimetengwa. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa kuendeleza jiji hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, na ndani yake zilikuwamo barabara pamoja na mifereji ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Mwaka 2022 benki hiyo iliidhinisha tena dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi peke yake. Mkopo hulipwa, na mlipaji ni mwananchi. Basi mfereji ni ngome ya uhai wa watu, na anayetoa kazi ya kuujenga ameshika amana kubwa.

Kabla ya zabuni

Yafaa ieleweke kwamba makosa mengine hutangulia zabuni, na mkandarasi hata awe mwema namna gani hawezi kuyaondoa. Kosa la mahali ni mojawapo. Karakana ya mabasi ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, penye njia ya maji ya Msimbazi. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na mafuriko yakaiingia karakana hiyo mara kwa mara, hata ikalazimu mpango wa kuihamisha uingizwe katika mradi wa bonde. Ukuta waweza kuwa imara na saruji ikawa nzuri, lakini mto haukuulizwa.

Kosa la pili ni la mchoro. Mfereji hauna budi kuwa na mwinuko na mteremko uliopimwa: kwa mfano mteremko wa 1 kwa 200 maana yake ni kwamba katika kila mita 200 sakafu ya mfereji hushuka mita moja. Ikiwa sakafu imepanda mahali hata kidogo, maji husimama, mchanga hujaa, na mbu huzaliana. Tena hauna budi kuwa na mwisho. Mfereji unaokomea katikati ya mtaa haukuondoa mafuriko, umeyahamisha tu kutoka mlango wa mtu mmoja hadi mlango wa jirani yake.

Kwa hiyo halmashauri yenye busara hupima kwanza, huchora, kisha mhandisi huandika kila kazi na kiasi chake: mita ngapi za kuchimba, mita ngapi za ujazo za zege, vifuniko vingapi, makalvati mangapi. Orodha hiyo ndiyo mizani ya yote yatakayofuata. Ikiwa orodha ni ya kubahatisha, bei nazo zitakuwa za kubahatisha.

Zabuni ni nini

Zabuni ni ahadi iliyoandikwa. Halmashauri hutangaza kwa wote kwamba yataka kazi fulani. Kila mkandarasi aliyesajiliwa na awezaye kuifanya hujibu kwa kutaja bei yake, muda wake, mafundi wake na mitambo yake. Sababu ya kutangaza ni mbili. Ya kwanza ni kupata bei ya haki, kwa maana mtu akijua kwamba wenzake nao wataja bei, hathubutu kutaja ya kupita kiasi. Ya pili ni kuondoa upendeleo, ili kazi ya umma isiwe zawadi ya ndugu au rafiki.

Katika Tanzania jambo hili laongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2011. Tangu mwaka 2023 zabuni hupitia mfumo wa mtandao uitwao NeST, ambamo wazabuni hupeleka karatasi zao bila kuonana na mtu ofisini. Saa iliyotangazwa ikifika, zabuni zote hufunguliwa pamoja, nayo iliyochelewa haipokelewi. Zamani bahasha moja iliweza kufunguliwa usiku, bei ikasomwa, na nyingine ikaandikwa kuipunguza kwa shilingi chache. Mlango huo sasa umekuwa mwembamba. Hatusemi kwamba umezibwa kabisa, kwa kuwa mashine hutunza saa na hesabu, lakini haitunzi dhamiri.

Kazi hizi zimegawanywa kwa makusudi ili mtu mmoja asishike kamba zote. Madiwani hupitisha bajeti na kusimamia matumizi. Wao hawakai katika Bodi ya Zabuni. Kitengo cha ununuzi hutayarisha karatasi. Kamati ya tathmini, ambayo wajumbe wake hutakiwa kueleza kama wana uhusiano na mzabuni yeyote, hupima zabuni. Bodi ya Zabuni huidhinisha au hukataa. Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, hutia sahihi na kujibu kwa yote. Kabla ya sahihi, wazabuni wote hupewa taarifa ya kusudio la kutoa kazi, na aliyeshindwa huelezwa sababu ya kushindwa kwake. Akiona amedhulumiwa, hulalamika kwanza kwa Afisa Masuuli, na asiporidhika huenda kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Mtu asione kwamba rufani ni uchokozi, kwa sababu ndiyo taa inayomulika njia.

Bei ya chini si lazima iwe rahisi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huuliza, "Fulani alitaja bei ndogo kuliko wote, kwa nini hakupewa?" Tutoe mfano wa kubuni ili jambo liwe wazi. Tuseme mhandisi amekadiria mfereji kuwa wa shilingi milioni 600. Wazabuni ni watatu: wa kwanza ataka milioni 430, wa pili milioni 585, wa tatu milioni 640.

Kamati haianzi na bei. Huanza kwa kuuliza kama kila mmoja amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika daraja lifaalo kazi hiyo, kwa maana madaraja ni saba na kila moja lina mpaka wa ukubwa wa kazi. Huuliza kama amewahi kujenga kazi ya namna hiyo, kama ana mhandisi na mitambo, na kama ameleta dhamana iliyotakiwa. Asiyetimiza huondolewa, hata bei yake iwe ndogo namna gani. Ndipo bei za waliobaki hulinganishwa, na hesabu zao hukaguliwa mstari kwa mstari.

Yule wa kwanza, ambaye bei yake imepungua milioni 170 chini ya makadirio, yapasa aeleze ataipataje saruji, nondo na mishahara kwa fedha hizo. Akieleza vema, kwa mfano kwamba mitambo ni yake mwenyewe na kokoto zatoka katika machimbo yake, asikilizwe. Akishindwa kueleza, ni hatari kumpa. Mtu wa namna hiyo atafanya moja kati ya mambo matatu: ataacha kazi njiani, au ataomba nyongeza baada ya nyongeza, au ataiba ndani ya zege.

Na kuiba ndani ya zege ni rahisi kuliko kuiba sandukuni. Zege la kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto hula yapata mifuko 6 na robo ya kilo 50 katika kila mita ya ujazo. Likichanganywa kwa kipimo cha 1, 3 na 6, hula yapata mifuko 4 na nusu. Kwa macho yote mawili ni ya kijivu. Katika mfereji wa mita za ujazo 400, tofauti hiyo yapata mifuko 700 ya saruji iliyolipiwa na umma lakini haimo ukutani. Masika ya kwanza huenda ukuta usianguke. Ya tatu utaanguka, na mkandarasi amekwisha kwenda zake.

Hila zijulikanazo

Twataja hila chache ili msomaji azitambue. Ya kwanza ni kukata kazi vipande vipande. Mfereji mmoja huandikwa kama minne midogo, ili kila kimoja kipite chini ya kiwango kinachotaka tangazo kwa wote. Sheria yakataza jambo hili.

Ya pili ni mapatano ya wazabuni. Wakandarasi watano huonekana wakishindana, kumbe wamekwisha kupeana zamu. Dalili zake ni bei zinazopishana kwa kiasi kile kile katika kila mstari, makosa yale yale ya maandishi katika karatasi za watu mbalimbali, na aliyeshindwa leo kuajiriwa kesho na aliyeshinda.

Ya tatu ni bei zilizoegemea upande mmoja. Mzabuni hutaja bei kubwa sana kwa kazi za mwanzo, kama vile kufyeka na kuchimba, na bei ndogo sana kwa kazi za mwisho, kama vile vifuniko na makalvati. Jumla yake huonekana nzuri. Lakini akisha kulipwa zile za mwanzo, hana faida tena ya kuendelea, na mji hubaki na handaki wazi ambamo watoto huanguka.

Ya nne ni karatasi zilizoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: hutakiwa sharti la ajabu ambalo fulani pekee analo.

Wala mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya nchi zetu tu. Katika Marekani, jimbo la Alabama, wilaya ya Jefferson yenye mji wa Birmingham ilikubali mbele ya mahakama mwaka 1996 kuitengeneza mifereji yake ya maji machafu, iliyokuwa ikifurika mitoni hasa wakati wa mvua. Kazi zilitolewa, fedha zikakopwa, na baadaye wajumbe kadhaa wa baraza la wilaya pamoja na wakandarasi walitiwa hatiani kwa rushwa. Mwaka 2011 wilaya hiyo iliieleza mahakama kwamba haiwezi kulipa madeni yake, yaliyokaribia dola bilioni 4 na zaidi, na zaidi ya bilioni 3 kati yake yalikuwa ya mifereji. Ada ya maji machafu ilikwisha kupanda zaidi ya mara tatu. Walioumia hasa walikuwa maskini, ambao hawakupata kuiona hata karatasi moja ya zabuni.

Sahihi si mwisho

Wengi hudhani kwamba mkataba ukitiwa sahihi jambo limekwisha. Kwa kweli ndipo ulinzi mkubwa unapoanza. Mkandarasi huweka dhamana ya utekelezaji, nayo huchukuliwa akiikimbia kazi. Akipewa fedha za kuanzia, huweka dhamana nyingine ya fedha hizo. Halipwi kwa ahadi, hulipwa kwa kazi iliyopimwa na mhandisi. Zege huchukuliwa sampuli na kufinywa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28, ili nguvu yake ijulikane. Katika kila malipo sehemu huzuiwa, nayo aghalabu ni 5 au 10 katika kila 100, na hiyo haitolewi yote mpaka kipindi cha matazamio kiishe.

Kipindi hicho mara nyingi ni mwaka mmoja, na sababu yake yaeleweka na mkulima yeyote: lazima mfereji uonje masika kamili kabla ya kusemwa kuwa umekamilika. Ufa ukitokea ndani ya muda huo, mkandarasi huuziba kwa gharama yake mwenyewe. Muda ukipita na hakuna aliyesema, ufa ni wa umma. Ndiyo maana ya methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta huo utajengwa kwa kodi.

Yatupasayo

Sasa twageukia ninyi, viongozi wa vijiji na mitaa, walimu, na wote wajuao kusoma. Hamkai katika Bodi ya Zabuni, lakini mna macho, na yapo mambo mnayoweza kuyafanya bila kuvunja sheria wala heshima ya mtu.

Kwanza, jueni mwenye kazi ni nani. Tangu mwaka 2017 barabara nyingi za vijijini na mijini, pamoja na mifereji iliyo kando yake, zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Lalamiko lipelekwalo kwa halmashauri juu ya kazi isiyo yake hupoteza miezi.

Pili, someni kibao cha kazi na kunakili yaliyomo: jina la mradi, mkandarasi, mhandisi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ikiwa kibao hakuna, ulizeni kwa nini.

Tatu, tunzeni daftari. Mwalimu mmoja na kijana mmoja wenye futi na kalamu waweza kuandika upana wa mfereji, siku mafundi walipokuja na siku wasipokuja, na mahali maji yaliposimama baada ya mvua. Malalamiko yasemayo "kazi ni mbovu" hujibiwa kwa maneno. Yasemayo "tarehe fulani, mita 40 kutoka daraja, ukuta umepasuka" hujibiwa kwa kazi.

Nne, pelekeni habari mapema, kabla kipindi cha matazamio hakijaisha, kwa maandishi, na kubaki na nakala. Palipo na harufu ya rushwa, mahali pake ni TAKUKURU, wala si vijiweni.

Tano, waambieni vijana, akina mama, wazee na wenye ulemavu kwamba sheria imewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Kikundi kilichosajiliwa chaweza kuomba kazi ya kusafisha mifereji au kufinyanga vifuniko. Na kazi ikifika kijijini ifanywe na mafundi wa mahali bila mkandarasi mkubwa, daftari la mifuko ya saruji litunzwe vile vile. Umaskini wa mtoaji haufanyi wizi kuwa mdogo.

Sita, tusijidanganye. Mfereji uliotolewa kwa haki na kujengwa kwa uaminifu huzibwa kwa wiki moja na taka zetu wenyewe. Atupaye maganda na mifuko mferejini ameshirikiana na mkandarasi mwizi, ijapokuwa hakupata senti.

Twamaliza kwa neno moja. Zabuni njema haitegemei kumpata mtu mmoja mwadilifu wa kuaminiwa yote, maana mtu huyo aweza kuhama, kuugua au kujaribiwa. Hutegemea kazi kugawanywa, bei kuonekana, sababu kuandikwa, na watu kuruhusiwa kuuliza. Kila hatua inayofanywa gizani humgharimu mtu fulani bondeni, na mtu huyo hatumjui jina mpaka maji yaingie chumbani mwake usiku. Basi tuulize mchana, wakati mchoro bado uko mezani na zege bado ni bichi.